Mgombea asiyejua kuhutubia: je, ulimi ni kipimo cha akili?

Mpigakura wa Kata
Ndugu zangu, naomba msaada wa mawazo. Katika mkutano wa kampeni kijijini kwetu, mgombea udiwani wa kwanza alitiririka nusu saa nzima bila karatasi, akichanganya methali na utani hadi kina mama wakapiga vigelegele. Wa pili, ambaye kwa miaka sita amekuwa mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji na hajapoteza hata kishina kimoja cha stakabadhi, alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akarudia sentensi moja mara tatu, kisha akashuka jukwaani huku vijana wakimzomea. Tukiwa njiani kurudi, jirani yangu akasema, "Yule hana kitu kichwani." Je, ni haki kumpima mtu hivyo?

Mkenya wa Thika
Huku kwetu tulikuwa na Mwai Kibaki. Alipoapishwa kuwa rais tarehe 30 Desemba 2002 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kutokana na ajali ya gari, na katika miaka iliyofuata wachekeshaji waliiga usemaji wake wa kusitasita hadi tukachoka. Hata hivyo, mchumi huyo aliyesoma Makerere na London aliondoa karo katika shule za msingi za umma Januari 2003, na ukuaji wa uchumi ukapanda kutoka chini ya asilimia 1 mwaka 2002 hadi takriban asilimia 7 mwaka 2007. Sisemi kwamba kusitasita ndiko kulikoleta hayo.

Diwani Mstaafu
Naomba nipingane nanyi kidogo, kwa kuwa udiwani ni kazi ya mdomo pia. Bajeti ya halmashauri inapopitiwa kifungu kwa kifungu, asiyeweza kusimama na kuidai zahanati ya kata yake hurudi mikono mitupu, hata kama hesabu zake ni safi. Ila jukwaani unashangiliwa, kikaoni unaulizwa. Mwenzangu mmoja, msemaji hodari kweli kweli, aliulizwa kata yake ina visima vingapi vinavyotoa maji, naye akaanza kutusimulia harakati za uhuru. Hata Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Umahiri wa kuhutubia haikuutaja.

Mwalimu wa Usukumani
Mleta mada, huyo mweka hazina mmewahi kumsikia akizungumza kwa lugha ya nyumbani? Nina wazazi wa wanafunzi ambao kwa Kiswahili hubabaika mbele ya kamati ya shule, lakini kwa Kisukuma hupanga hoja ambazo hata mwanasheria angehangaika kuzijibu.

Mpigakura wa Kata
Mwalimu, umenikumbusha: mnadani huyo bwana hashindwi bei na mtu. Jumamosi wote wawili watarudi, nami nitawauliza swali moja tu: pampu ya kisima cha shule iliharibika lini, na kuitengeneza kunahitaji shilingi ngapi?