Mdogo wangu anahamia Mang'ola kulima vitunguu: nimtumie hela au nimzuie?

Mkubwa wa Tabata
Wakuu, habari zenu. Tumezaliwa watatu: mimi, dada anayenifuata, na mdogo wetu wa kiume wa miaka 27. Wazazi wametangulia. Mdogo amechoka kuuza nguo za mtumba Ilala. Amepata ekari 40 Mang'ola, Karatu, upande wa Ziwa Eyasi, na anataka kuhamia moja kwa moja alime vitunguu. Bei ni milioni 14. Wiki ya pili hii usingizi sipati. Nimtumie hela au nimzuie?

Jembe la Mkono
Mang'ola vitunguu vinakubali, lakini ni kwa maji ya chemchemi yanayoletwa na mifereji, si kwa mvua. Kwa hiyo swali la kwanza ni maji, shamba baadaye.

Ekari moja inataka mbegu kilo 2 hadi 3. Miche inakaa kitaluni kama wiki 6, inahamishiwa shambani kwa nafasi ya sentimita 10 kati ya mche na mche, kisha inasubiri siku 90 hadi 120. Vithiripi, wadudu wadogo wanaofyonza majani, hushambulia wakati wa joto na ukavu. Baka zambarau, ugonjwa wa ukungu, huja majani yakikaa na unyevu muda mrefu. Ukivuna kabla shingo haijanyauka, au ukakata majani ukaacha chini ya sentimita 2, vitaozea kwenye gunia kabla hata lori halijafika Dar.

Na chumvi. Eyasi ni ziwa la magadi, na kitunguu hakivumilii chumvi: kipimo cha chumvi ya udongo kikipita desisiemeni 1.2 kwa mita, mavuno yanaanza kushuka. Achukue udongo sehemu 15 kwa kutembea zigizaga, kina cha sentimita 20, achanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, atoe nusu kilo, apeleke maabara ya udongo kama ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Tanga. Ekari 40 kwa mtu anayeanza ni nyingi mno. Mbili zinamtosha.

Bi Mwanahawa
Dada yenu kaambiwa? Umemtaja mara moja tu, halafu umempita kama mgeni. Mambo ya ndugu yanaharibikia hapo hapo.

Masjala
Mkuu, mfereji uko umbali gani na hilo shamba? Na leo hii ndani ya hizo ekari 40 kuna nini? Kuna mibuyu? Kuna njia za watu?

Mkubwa wa Tabata
Mfereji haujafika, dalali anasema utafika. Mibuyu ipo, kama thelathini hivi. Ni pori tupu.

Masjala
Tupu kwa macho ya nani? Mdogo wako alipokwenda alikuta nini?

Mkubwa wa Tabata
Haya, niseme. Alikuta vibanda vya nyasi, majivu ya moto, na mibuyu imepigiliwa vigingi hadi juu. Ni Wahadzabe, wale wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Aliporudi mwezi uliofuata hawakuwepo, kwa hiyo ni watu wa kupita tu. Na nimeshatuma milioni 6, hela za kodi ya nyumba ya marehemu baba. Nchi kubwa hii, mibuyu michache ikikatwa haitadhuru. Naye mdogo wangu ni Mtanzania, ana haki ya kuishi popote.

Mzizi wa Porini
Ana haki ya kuhamia. Hana haki ya kuhamia juu ya ghala la watu, na hapo alipooneshwa ni ghala.

Kambi ya Wahadzabe huwa na watu kama 20 hadi 30. Vibanda hujengwa na wanawake kwa matawi na nyasi, kazi ya saa chache. Chakula cha karibu kikipungua wanahama, na eneo linapata nafasi ya kujirudishia. Kambi uliyoikuta tupu leo iko kwenye mzunguko, haijatelekezwa.

Vile vigingi ni ngazi ya kufuata asali. Ndege mwonyesha asali huwaita watu hadi kwenye mti wenye nyuki. Mrinaji anapanda, anafukiza moshi, anatoa masega, na ndege anakula nta inayobaki. Kiangazi mbuyu huohuo unatoa ubuyu: unga wake unachanganywa na maji, mbegu zinatwangwa. Chini kwenye vichaka kuna mizizi ambayo wanawake huchimba kwa mti uliochongwa ncha. Mizizi ndiyo akiba ya mwaka mzima, mawindo yakikosekana inabaki hiyo. Trekta likilima mara moja akiba imekwisha, wanyama wamekimbia, na mbuyu wa kuzibia pengo haufikii ukubwa ule ndani ya umri wa mtu.

Wahadzabe wote hawazidi sana watu elfu moja na kitu. Kwao ekari 40 zenye mibuyu thelathini si kidogo.

Ukweli Kwanza
Jamani, hadithi hii imetungwa. Mwanzo pori tupu, sasa vibanda na vigingi. Na Wahadzabe wenye mibuyu yao anaosimulia Mzizi wengi wako bonde la Yaeda, na hilo liko Mbulu, Manyara. Mang'ola ni Karatu, Arusha. Muhtasari wa kikao cha kijiji kilichowagawia ardhi unasemaje, kama upo?

Mkubwa wa Tabata
Sijatunga, ndugu yangu. Nimeutoa kabatini sasa hivi nikausoma vizuri kwa mara ya kwanza. Kijiji kilichoandikwa kiko Wilaya ya Mbulu. Dalali alikuwa akitamka Mang'ola tu.

Ukweli Kwanza
Basi naondoa neno langu. Simamisha malipo leo.

Masjala
Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia, na ardhi ya pamoja hagawiwi mtu binafsi. Mdogo wako aende masjala ya ardhi ya kijiji, aombe kuona rejista ya ardhi ya pamoja na mpango wa matumizi ya ardhi, kisha alinganishe na nakala iliyoko wilayani. Aulize tarehe ya mkutano mkuu na karatasi ya mahudhurio. Muhtasari wa halmashauri peke yake hautoshi.

Zile milioni 6, adai kwa maandishi kwa dalali na aliyejiita muuzaji, akiambatanisha risiti za miamala. Wakikataa, aende polisi na nakala zote.

Bi Mwanahawa
Na kodi ya nyumba ya marehemu ni ya warithi wote watatu. Mwambie dada yako leo, na umwambie kiasi kamili.

Mkubwa wa Tabata
Nimempigia. Amekaa kimya, halafu akaniuliza kwa nini nilimficha. Sikuwa na jibu. Mdogo naye amekasirika, lakini amekubali kukodi ekari 2 zenye mfereji Mang'ola yenyewe kwa msimu mmoja. Zamu ya maji anaulizia kwa nani?

Jembe la Mkono
Kwa viongozi wa umwagiliaji wa mfereji husika, kabla hajalipa kodi. Aulize zamu inarudi kila baada ya siku ngapi miezi ya kiangazi, kisha awaulize wakulima wa mwisho wa mfereji kama maji huwafikia.