Baiokemia na virusi vya mihogo: RNA inatoka kahawia, PCR inagoma

Pingili_Safi: Wakuu, mwenye digrii ya baiokemia akitaka kazi ya utafiti wa virusi vya mihogo, ajifunze nini kwanza? Na RNA (molekuli ya taarifa za urithi, kama DNA) ya majani ikitoka kahawia, uwiano wa mwanga 260/280 (huonyesha uchafu wa protini) ikiwa 1.9 na 260/230 (huonyesha uchafu mwingine) ikiwa 0.7, kosa liko wapi? Mmea una dalili za ugonjwa wa michirizi ya kahawia lakini PCR (kipimo kinachonakili DNA ili virusi vionekane) haionyeshi kitu.

Bafa65: Hiyo 1.9 si mbaya, protini zimeondolewa. Tatizo ni 0.7: fenoli, sukari nzito na chumvi. Jani la mhogo likitwangwa, fenoli hukutana na hewa zikageuka rangi, kama bilinganya iliyokatwa ikaachwa, kisha hung'ang'ania RNA.

Tengeneza bafa (mchanganyiko wa kutolea RNA) yenye CTAB 2%, ambayo ni sabuni ya kupasua seli, NaCl 1.4 M, EDTA 20 mM, Tris 100 mM ya pH 8 na PVP 2% ya kunasa fenoli. Merkaptoethanoli, ya kuzuia fenoli zisigeuke rangi, iongezwe siku hiyohiyo. Jani liwe miligramu 100, basi! Wengi wakikosa majibu huongeza jani, na uchafu ndio unaozidi. Mimina mikrolita 700 za bafa iliyopashwa nyuzi 65, acha dakika 15. Safisha kwa klorofomu na isoamili 24:1, mara mbili, na ncha ya pipeti isiguse ule utando mweupe wa katikati. Malizia na LiCl (chumvi ya lithiamu) ifike 2 M, ilale usiku kucha kwenye nyuzi 4: RNA huzama, DNA na sukari nyingi hubaki juu.

Nzi_Mweupe: Kabla ya kurudia yote, zimua RNA hiyo mara 10 upime tena. Ikikubali, kulikuwa na uchafu unaozuia PCR. Pima pia jeni ya mhogo wenyewe; nayo isipotokea, kipimo ndicho kimeshindwa, kwa hiyo usiandike kwamba mmea ni mzima, maana pingili zake zitapelekwa shambani kwa mkulima.

Angalia na jani ulilochuma. Michirizi ya kahawia huonekana kwenye majani ya chini yaliyokomaa, ya juu hudanganya. Batobato, ugonjwa mwingine wa virusi vya mihogo, ndiyo huonekana kwenye machanga.

Bafa65: Na hapo ndipo pa kuanza kujifunza, mkuu. Virusi vya batobato ni vya DNA. Vya michirizi, CBSV na UCBSV, ni vya RNA, kwa hiyo ukisahau kuigeuza RNA kuwa DNA kwanza, PCR haina cha kushika. Kutwanga majani fundi yeyote wa maabara anaweza. Mwanabaiokemia anatakiwa aisome 0.7 na kujua ni hatua ipi ya kurudia.