Mrejesho: dude langu la 650cc lililokuwa linabwia mafuta

Wakuu nimerudi. Nililalamika kwamba pikipiki langu la porini linaenda km 14 tu kwa lita, mkanipa vitu vya kucheki.

Nikaanza na kichujio cha hewa, nimekikuta kina vumbi mpaka kimekuwa rangi ya tofali, nikakiosha nikakipaka oili yake, ikapanda hadi 15 tu. Kumbe mchawi yuko kwingine! Nilivyoinua tairi la nyuma nikalizungusha kwa mkono likagoma hata nusu mzunguko halifiki, diski ya breki ukiigusa unaruka kwa moto wake, yaani pistoni ya breki ilikuwa inanata na mimi natembea nayo hivyo sijui tangu lini. Nimeisafisha, sasa tairi linazunguka lenyewe.

Halafu upepo wa matairi, hii aibu, nilishusha hadi psi 20 kwa ajili ya mchanga nikasahau kujaza nikawa nakula nayo lami.

Aliyesema nipunguze spidi nilimbishia lakini alikuwa sahihi, kutoka 120 hadi 95 tofauti unaiona, hasa na yale mabegi ya pembeni yanavyokamata upepo.

Nimepima tanki tatu, sasa napata 19 mpaka 20. Sproketi (yale magurudumu ya meno ya mnyororo) sijabadilisha, bado nahitaji nguvu ya kupanda vilima.