Kundi la ukoo wa Tudor, Mombasa: gari la Faiz lachemsha

*Ijumaa jioni*

Faiz: Salaam aleikum jamaa. Gari langu lachemsha. Nimeshuka daraja la Nyali sasa hivi, mshale wa joto umepanda mpaka karibu na H, alama ya moto. Nimeegesha pembeni hapa Buxton nikazima. Nani ana fundi wa kuaminika wa Subaru hapa mjini? Nataka fundi ajuaye WRX, si wa kubahatisha.

Khalati Zainab: Waaleikum salaam mwanangu. Uko salama? Usiufungue mfuniko wa rejeta na injini ingali moto. Kijana wa jirani yetu hapa Kisauni aliungua uso na mkono kwa mambo hayo hayo.

Faiz: Niko salama khalati. Sijagusa kitu.

Ami Swaleh: Umefanya vyema kuzima. Ngoja ipoe hasa, mpaka hosi uweze kuishika kwa mkono mtupu. Mfuniko ndio uliozuia maji yasitokote. Yakiwa ndani ya presha hupita digrii 100 na yasichemke. Ukiufungua presha yatoka, na maji yakurukia yakiwa mvuke. Wala usimwagie injini maji baridi kutoka nje, hedi, kile kifuniko cha silinda, ni alumini, itapinda.

Omari: Faiz, toa thamosteti tu. Hapa Pwani baridi iko wapi? Lori nyingi zaenda mpaka Malaba bila hicho kidude.

Ami Swaleh: Omari mwanangu, hilo nalikataa. Thamosteti haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya nje. Ni kijilango cha maji, kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto lake la kazi. Ukiitoa, barabara kuu injini yaenda ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa, yala petroli zaidi na kulika mapema. Na ikiwa shida ni feni au rejeta iliyoziba, kuitoa hakutibu kitu, kwaficha ugonjwa tu. Kama imekwama, iwekwe mpya. Si ghali.

Faiz nijibu hili, nalo ndilo muhimu kuliko yote: mshale ulipanda gari likienda, au likiwa limesimama?

Faiz: Natoka Mtwapa ami. Njia nzima ulitulia chini ya katikati. Umeanza kupanda kwenye foleni ya Kongowea, na pale darajani tuliposimama kabisa ndipo ukaenda juu.

Ami Swaleh: Hapo tayari tuna habari. Gari likienda mbio, upepo wa mbele waipoza rejeta wenyewe. Kwenye foleni upepo haupo, feni ndizo zafanya kazi yote. Ungeniambia lapanda joto ukipandisha kilima cha Mazeras ningewaza rejeta iliyoziba, pampu ya maji, au gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya hedi na injini. Kuchemka foleni peke yake, anza na feni.

Likipoa tazama maji kwanza, ongeza yakiwa yamepungua. Kisha washa, weka AC, fungua boneti. Hilo lina feni mbili nyuma ya rejeta na AC ikiwaka zote zatakiwa kuzunguka. Na mshale usiuamini peke yake. Kile kijichombo cha kupima joto chatakiwa kiwe ndani ya maji, maji yakipungua yakakiacha wazi kitakudanganya.

Munira: Kwa nini asilipeleke Nairobi? Huko Subaru zimejaa, mafundi wake ni wengi.

Omari: Kilomita 480 na gari lachemsha? Kuliendesha haifai hata kidogo, na kulipakia kwenye lori la kubebea magari ni pesa nyingi kabla hata ugonjwa haujajulikana.

*Ijumaa usiku*

Faiz: Ami, umepata. Feni moja yazunguka, ya pili imekufa. Lakini sasa kuna jambo jingine. Gereji moja ya karibu wamekuja kunitazamia. Wasema gasketi za hedi zimeungua pande zote mbili, injini ishuke, laki moja na thelathini. Wataka nusu leo ili walivute usiku huu.

Halima: Wamepima kwa kifaa gani?

Faiz: Wamevuta kijiti cha kupimia mafuta ya injini, wakabonyeza hosi. Wamesema Subaru zote mwisho wake ni huo, hazifai joto la Mombasa.

Halima: Usilipe.

Ami Swaleh: Halima asema kweli. Na hilo la joto lisikutishe, Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 hapa hapa Kenya akiendesha Subaru Impreza.

Sasa sikiza vizuri. Gasketi ya hedi kuungua kwa injini hizi ni jambo la kweli, silikanushi. Silinda zake zimelala, mbili kulia mbili kushoto, kwa hivyo ina hedi mbili na gasketi mbili, na mafundi wengi huishusha injini ndipo wafanye kazi kwa nafasi. Ndiyo maana bei yake ni kubwa. Lakini kwa sababu ni kubwa, ndipo yatakiwa ithibitishwe kwanza. Kijiti cha mafuta hakitoshi. Mafuta yaweza kuwa masafi na gasketi imeungua, maana mara nyingi kinachopita ni moshi wa silinda kuingia kwenye maji, si maji kuingia kwenye mafuta.

Kuna kipimo chake. Ni chupa yenye dawa ya buluu, yawekwa kwenye mdomo wa tangi la maji injini ikinguruma, hewa ya juu ya maji ipitishwe ndani ya dawa. Ikigeuka manjano, moshi wa silinda umo majini. Ikibaki buluu, hujapata sababu ya kushusha injini. Cha pili ni pampu ya presha. Injini ikiwa baridi, wafunga pampu mahali pa mfuniko, wajaza presha, watazama kama sindano yashuka. Ikishuka, kuna mahali pavuja, mtu atafute. Haichukui hata saa moja, na fundi asiyekuwa na vifaa hivi viwili mimi simpi gari lenye turbo kama hilo lako.

Khalati Zainab: Maashallah ami yenu. Miaka ya karakana ya meli pale Kilindini haikwenda bure.

Halima: Faiz, mimi nina fundi, yuko Shimanzi. Mnakumbuka Subaru Forester yangu ilivyokuwa ikipoteza maji? Watu wawili walishaniambia ni gasketi. Huyu alinyamaza kwanza, akapima mbele yangu, akanionyesha tone la maji chini ya pampu. Katika injini hizo pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa taiming, ule unaozipa vali wakati wake wa kufunguka, kwa hivyo aliniambia mapema: mkanda utatolewa hata hivyo, bora ubadilishwe pamoja usilipie kazi mara mbili. Aliniandikia spea na ufundi mbali mbali. Nilikwenda dukani mwenyewe kununua. Nilipolichukua gari nikakuta pampu ya zamani ndani ya mfuko, imewekwa kwenye kiti.

Kitu kimoja tu, si mtu wa haraka. Akiwa na gari la mtu mezani hatalikimbiza kwa ajili yako.

Faiz: Da Halima nitumie namba pembeni. Hao wa gereji nimewashukuru, nimewaambia la.

Omari: Nina rafiki mwenye lori la kubebea magari, yuko Makupa. Asubuhi saa moja atakuja. Usiliendeshe, hata kama ni karibu.

*Jumamosi mchana*

Faiz: Habari za mchana jamaa. Fundi ameanza. Dawa ya buluu imebaki buluu. Amerudia mara ya pili injini ikiwa moto zaidi, bado buluu.

Khalati Zainab: Alhamdulillah!!

Faiz: Pampu ya presha imeshuka polepole. Amepata hosi ndogo ya karibu na turbo imepasuka, maji yalikuwa yakitoka kidogo kidogo na kukauka pale pale kwa joto, ndiyo maana sikuona tone chini. Na feni mota yake imekwisha, soketi ya nyaya imeota ukungu wa kijani.

Ami Swaleh: Chumvi ya bahari hiyo. Abadilishe na soketi, asiikwaruze na kuirudisha, maana feni mpya kwenye soketi mbovu itakufa tena.

Faiz: Yaani ndivyo alivyosema yeye. Na alipomwaga maji yametoka ya kahawia, yana tope. Aniuliza gari lilikuwa likijazwa maji gani. Aliyeniuzia alikuwa Likoni, nimempigia, asema maji ya kisima siku zote.

Khalati Zainab: Maji ya visima vyetu hata povu la sabuni hayatoi, sembuse kuyatia kwenye injini.

Ami Swaleh: Ndiyo. Chumvi na chokaa huganda ndani ya mirija ya rejeta, na alumini yaliwa. Aisafishe mpaka maji yatoke meupe, halafu atie kulanti, dawa ya maji ya kupoza injini, iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, ichanganywe nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya kununua. Asiende kwa rangi ya kulanti, rangi ni ya kiwanda, si kipimo. Na mwambie asiifungie hewa ndani. Injini iliyolala huficha hewa. Ajaze polepole kupitia lile tangi dogo la juu, aiache ingurume na hita ikiwa wazi mpaka itoe upepo wa moto. Hita ikitoa baridi na mshale uko juu, hewa ingalimo au maji hayatoshi.

Mifuniko pia. Hiyo yenye turbo ina miwili, mmoja wa tangi dogo na mmoja wa rejeta, na si sawa. Wengi huibadilisha mahali.

Faiz: Ami!! Nimemsomea, amekwenda kuitazama. Ilikuwa imebadilishwa. Na ule wa tangi raba yake imekatika. Wanunuliwa mpya.

Halima: Faiz chukua risiti ya kila kitu, hata mfuniko. Siku ya kuliuza gari risiti hizo zitakupa bei.

*Jumatatu usiku*

Faiz: Jamaa, nimelichukua leo. Kwanza nimekwenda nalo foleni ya feri Likoni makusudi, jua la saa nane, AC imewaka. Feni zote mbili zaingia, mshale haujasogea. Kisha nimepandisha Mazeras na kurudi. Umetulia vile vile. Ufundi na spea zote, pamoja na hosi na kulanti, hata robo ya ile laki na thelathini haijafika.

Omari: Safi sana. Asubuhi kabla hujawasha tazama maji kwenye tangi, fanya hivyo wiki nzima. Yakipungua rudi kwake.

Faiz: Ndivyo alivyoniambia, nirudi Jumamosi atie presha tena bila malipo. Na amenionya juu ya mkanda wa taiming. Kitabu chataka ubadilishwe kila kilomita 100,000 na mimi sina ushahidi kuwa uliwahi kubadilishwa. Ukikatika, vali zagonga pistoni. Nakusanya pesa, mwezi ujao mkanda na pampu pamoja.

Ami Swaleh: Vyema. Mpaka hapo usilikimbize.

Munira: Faiz na mimi nitumie namba ya huyo fundi. Probox ya baba watoto yamaliza maji kila wiki na yeye aongeza tu.

Faiz: Nimekutumia pembeni. Mpigie baada ya alasiri, asubuhi huwa chini ya gari hashiki simu. Na mwambie shemeji aache kuongeza ya bomba.