Thiripi wa kitunguu na hawa weusi wa zabibu ni wale wale?

Mzabibu_Hombolo:
Wakuu habari zenu. Niko Hombolo, nina zabibu na kule bondeni nimeweka vitunguu. Kwenye vitunguu kuna vidudu vyembamba vya njano njano vimejibana katikati ya majani, jani limepata michirizi ya kung'aa kama bati. Sasa kwenye zabibu naona vyeusi, vitoto vyake vyekundu, majani yanababuka yanakuwa kahawia. Wa duka la pembejeo kaniambia wote ni thiripi piga dawa hiyo hiyo. Eti wa vitunguu wamehamia juu?

bwanashamba_mstaafu:
Hawajahama mkuu. Kusema thiripi ni sawa na kusema ndege, oda nzima ya Thysanoptera, yaani kundi lote la thiripi, ina spishi kama 6,000. Wa kitunguu ni Thrips tabaci, yuko jenasi ya Thrips ambayo Linnaeus aliiandika 1758, ina spishi karibu 300. Huyo mweusi kwa ulivyomweleza ni Retithrips syriacus, jenasi nyingine kabisa. Familia ni moja, Thripidae, ila mweusi yuko kwenye familia ndogo ya Panchaetothripinae, hao maua hawana haja nayo, wao wanakula majani tu. Anapenda mzabibu, mnyonyo, hata muhogo.

Dada wa Kongwa:
Na sisi tusio na darubini tunawajuaje jamani, mdudu mwenyewe ana milimita moja

bwanashamba_mstaafu:
Dada yangu kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe, angalia watoto. Wa tabaci ni weupe au njano iliyopauka, wa mweusi ni wekundu na mara nyingi kabeba tone la kinyesi mkiani, ukishaliona hilo hubishani tena na mtu.
Kuhusu dawa, tabaci anachomeka mayai ndani ya jani lenyewe halafu akikaribia kukomaa anashuka kwenye udongo, sasa wewe unapuliza juu juu unampata nani? Dawa iingie hadi kwenye moyo wa kitunguu, na usirudie kundi moja la dawa kila mara, anazoea haraka huyo, jike lake linazaa hata bila dume.

Mzabibu_Hombolo:
Aisee mnyonyo umejaa uzio mzima upande wa zabibu!! Nifyeke?

bwanashamba_mstaafu:
Geuza majani yake kwanza. Ukiwakuta humo usifyeke ukauacha hapo hapo, watakimbilia zabibu. Fyeka uchome siku hiyo hiyo.