"Namba tano hachagui nyama": nimetoka kwa yule jamaa sasa hivi na sirudi tena

Kofia ya Zambarau:
Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari, injini inanguruma, kioo kimeganda barafu, na mimi nimeganda kwa hasira. Nimetoka kwa yule jamaa, tulikokuwa tunakula nyama na kuangalia mechi ya mtoano ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani. Simtaji. Kila Mswahili aliyewahi kula nyama Minneapolis na vitongoji vyake anamjua, na yeye mwenyewe saa hizi anausoma uzi huu huku akijichokonoa meno baada ya kula ubavu wangu.

Sisi Vikings wa Minnesota tumeshinda mechi 14 msimu huu wa 2024. Kumi na nne kati ya 17! Rams wa Los Angeles, tuliocheza nao leo, wameshinda 10. Mtoto wa chekechea ukimpa embe 14 mkono huu na 10 mkono ule anajua alie akinyang'anywa zipi. Lakini mtoano wa huku haujui hesabu. Kila upande wa ligi, mabingwa wanne wa divisheni, yaani vikundi vya timu nne nne, wanapewa namba 1 mpaka 4, hata aliyefika anachechemea. Sisi wengine, namba 5 mpaka 7, tunabeba mabegi na kuwafuata makwao. Dhambi yetu ni moja tu, kukaa divisheni moja na Detroit walioshinda 15. Hakuna timu iliyowahi kushinda 14 halafu ikaingia mtoano bila ubingwa wa divisheni. Sisi ndio wa kwanza! Los Angeles inaungua kwa moto wa nyika, na nawapa pole kwa moyo wangu wote, mechi ikahamishiwa Glendale, Arizona. Uwanja si wa Rams, mji si wao, jimbo si lao, na bado wenyeji ni wao.

Sasa sikilizeni. Robo ya pili, tuko nyuma 10-3. Darnold, mrusha mpira wetu, anapigwa dafrau, mpira unamtoka, Jared Verse wa Rams anauokota na kukimbia nao yadi 57 mpaka mwisho. 17-3. Kimya. Mimi nikainuka taratibu nikaenda mezani, nikachukua ubavu mmoja. Mmoja! Ule wenye mafuta yaliyoungua pembeni, chumvi inaonekana. Jamaa akaja na koleo la kugeuzia nyama. Akaubana ubavu ukiwa ndani ya sahani yangu, akaurudisha kwenye sinia, akaniwekea shingo. Mbele ya shemeji, mbele ya watoto, akasema kwa sauti ya muadhini: "Wewe ni namba tano. Namba tano hachagui nyama."

Nirudie kwa ambao hawakusoma vizuri. Ubavu ulikuwa TAYARI kwenye sahani yangu.

Kwetu Tanga mgeni akibisha hodi hata kuku anayetaga anaanza kuaga watoto wake. Na huyu bwana si shabiki wa Rams! Jezi kainunua juzi Jumamosi, kikaratasi cha bei bado kinaning'inia kwapani. Shingo, wakuu. Shingo!

Simba wa Detroit:
Mkuu, povu hilo linafua mashuka ya hospitali nzima. Tarehe 5 Januari mlikuja kwetu, nyie 14-2 na sisi 14-2, yaani kila mmoja kashinda 14 na kufungwa 2. Ilijulikana kabla ya mechi: anayeshinda ni namba 1, wiki hii anakaa nyumbani miguu juu, anayefungwa ni namba 5. Mkafungwa 31-9. Ubavu wako uliuacha Detroit.

Kofia ya Zambarau:
Mechi MOJA inatofautisha mtu anayelala nyumbani na mtu anayepanda ndege, nawe unaona ni sawa? Na ubavu haukuwa Detroit. Ulikuwa kwenye sahani yangu.

Mama Kevo, Nairobi:
Nimeamka saa kumi alfajiri, kuku wenyewe bado wamelala, nikaangalia hiyo kitu yenu na blanketi kichwani. Darnold ameangushwa mara tisa. TISA! Hiyo ni kufikia rekodi ya mtoano. Saa mbili niko kazini na macho kama nyanya. Halafu nafungua hapa nipate pole, nakuta mwanaume mzima analia juu ya mfupa.

Mzee wa Canal Street:
Kijana, kaa chini nikufundishe kuonewa. Msimu wa 2010 sisi Saints wa New Orleans ni mabingwa watetezi, 11-5. Tukapelekwa Seattle kwa timu ya 7-9. Umesoma? Imefungwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda, na ndiyo mwenyeji, kwa sababu eti ni bingwa wa divisheni! Marshawn Lynch akapita katikati ya watu wetu yadi 67, huku anawasukuma kama anafungua pazia. Mashabiki wakaruka mpaka mitambo ya kupima matetemeko ikapokea mtikisiko. 41-36. Mpaka leo nikisikia jina Seattle nazima redio. Wewe unalia shingo?

Baridi ya Boston:
Mzee, shikamoo, lakini nyie wote mlialikwa. Mwaka 2008 Patriots tulikuwa 11-5 tukabaki nje kabisa. Chargers 8-8 wakaingia na wakapewa mechi nyumbani. Zambarau amepewa shingo, Mzee kapewa kwato, sisi hatukufunguliwa hata mlango. Tulisimama uani tunasikia harufu.

Mzee wa Canal Street:
Marahaba. Nyie mmeshakula sana, mngoje na wengine.

Hesabu Kali:
Mnaongea kwa machungu. Ratiba hazifanani. Kila timu inacheza mechi 17, na sita kati ya hizo ni dhidi ya majirani watatu wa divisheni yake, nyumbani na ugenini. Ndiyo maana ubingwa wa divisheni una uzito. Carolina 2014 waliingia kama bingwa wa divisheni na 7-8-1 (ushindi 7, kufungwa 8, sare 1), wote mkacheka, wakawapiga Arizona wa 11-5 kwa 27-16. Ukiondoa zawadi hiyo, divisheni zinabaki za nini?

Kofia ya Zambarau:
Bingwa wa divisheni AINGIE, nani kakataa? Afunguliwe mlango, apewe maji ya kunawa. Lakini akishaingia, viti vipangwe kwa ushindi. Mwenye 14 asimfuate mwenye 10 kwake. Hilo tu! Sijaomba mbingu. Sheria ya kuingia na sheria ya kupanga viti ni vitu viwili, na hawa wamezifunga kamba moja. Na hata kwa sheria yao hiyo, wapi imeandikwa kwamba nyama iliyokwisha kuwekwa kwenye sahani inarudishwa kwenye sinia? Na KOLEO?

Simba wa Detroit:
Rams waliwafunga 30-20 Oktoba, wakawafunga tena leo 27-9. Msimu mzima mmefungwa mara nne na timu mbili tu, sisi na wao. Mngecheza leo sebuleni kwa mama yako mngefungwa.

Kofia ya Zambarau:
Mama yangu usimtaje. Angekupa wewe paja, ndivyo alivyo.

Ndege wa Broad Street:
Kwani mnajua sisi Eagles wa Philadelphia tumeshinda 14 pia? Tena ni mabingwa wa divisheni, namba 2. Miaka yote ile ya timu 12, namba 1 na namba 2 wote walikuwa wanapumzika raundi ya kwanza. Mwaka 2020 wakaongeza timu, zikawa 14, saba kila upande, na mapumziko akabakiwa nayo namba 1 peke yake. Basi jana Jumapili tumevunjwa mbavu na Green Bay bure. Tumeshinda 22-10, lakini nani atanirudishia afya za wachezaji wangu? Namba 7 ni ya nini? Ni ya matangazo ya biashara tu!

Jibini na Chai:
Namba 7 imekukosea nini? Januari 2024 Green Bay tulikwenda Dallas tukiwa namba 7, tukawachapa 48-32 mbele ya watoto wao. Namba 7 ya kwanza kushinda mechi ya mtoano. Heshima.

Bwana Dallas:
Mimi nilikuwa nasoma tu kimya kimya. Msinitaje.

Mama Kevo, Nairobi:
Mimi naomba jambo moja kwa hao wanaopanga. Wasiweke mechi Jumatatu usiku wa kwao. Jumamosi nakesha, Jumapili nakesha, Jumatatu tena? Bosi wangu anafikiri nina mtoto mchanga.

Fundi Bomba wa Columbus:
Mkuu Zambarau, swali la nia njema. Ulichanga?

Kofia ya Zambarau:
Nilileta mkaa.

Jirani wa Brooklyn Park:
Nilikuwepo. Mkaa alileta nusu mfuko, na ulikuwa na unyevu. Tumepuliza mpaka robo ya kwanza imekwisha. Lakini nitasema haki: ubavu kweli ulikuwa tayari kwenye sahani yake, na jamaa kweli alitumia koleo. Kwa hilo alimkosea. Mimi mwenyewe mwaka jana alinipa maini ya baridi kwa sababu nilifika na jezi ya Chicago.

Fundi Bomba wa Columbus:
Chicago? Basi maini ulipewa mengi.

Hesabu Kali:
Tuliochanga dola 20 tupewe hesabu. Watu 11 mara 20 ni 220, na mimi niliona mbuzi mmoja tu, tena mwembamba kama mwamuzi.

Jirani wa Brooklyn Park:
Mbuzi alinunuliwa mzima na kuchinjwa shambani huko nje ya mji. Mafuta ya gari unayahesabu?

Hesabu Kali:
Mafuta ya kwenda wapi, Arizona?

Shemeji Yenu:
Mimi ndiye mwenye nyumba iliyotukanwa hapa. Shemeji Zambarau, kofia yako umeisahau kwenye kochi, na mwanangu mdogo kailalia. Yule bwana nimeshamsema, na ubavu wako nimeufunga kwenye karatasi ya foili, uko kwenye friji. Lakini kilichonileta si hicho. Nani kaondoka na sufuria langu kubwa la pilau? Lile lenye mfuniko usio wake.

Kofia ya Zambarau:
Shemeji, nakushukuru sana. Wewe sina neno na wewe. Kesho nitapita, lakini mlangoni tu, siingii.

Jibini na Chai:
Sufuria lenye mkono mmoja uliokatika?

Shemeji Yenu:
Ndilo hilo.

Jibini na Chai:
Hilo nililiona sikukuu ya Krismasi Saint Paul, limejaa biriani.

Shemeji Yenu:
Saint Paul kwa nani?

Bwana Dallas:
Msinitaje.