Kombo mezani Jumamosi: tupige marufuku au tujifunze kuizuia?

Mleta mada (Sakina):

Wakuu, salaam. Nina mada ya kombo, yaani karata zinazosaidiana mpaka zinamaliza mchezo kwa mkupuo, ambayo Jumamosi iliyopita nusura ivunje meza yetu hapa Chuga (Arusha). Kwa wasiotujua, sisi ni watu kumi na ushee tunaokutana barazani kwa mwenzetu mmoja, mtaa wa Sakina, kucheza mchezo wa karata wa Magic: The Gathering, mtindo wa Commander. Meza moja watu wanne. Kila mtu ana karata 100 pamoja na kamanda wake (karata inayoongoza rundo lake), hairudiwi karata isipokuwa ardhi za kawaida (zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia karata nyingine), na kila mmoja anaanza na uhai 40.

Kilichotokea ni kifupi. Nilikuwa na kamanda wangu mezani, Vito, Thorn of the Dusk Rose. Huyu kila nikiongezewa uhai, mpinzani nitakayemchagua anapoteza kiasi hichohicho. Zamu ya sita nikaweka Exquisite Blood, na hii inafanya kinyume chake: kila mpinzani akipoteza uhai, mimi naongezewa. Hapo kilichokuwa kinatakiwa ni tone moja la kuanzia. Nikashusha ardhi ya sita, Radiant Fountain, ambayo ikiingia tu inakupa uhai 2. Mbili zangu zikawa mbili za mwenzangu, zikarudi kwangu, zikaenda tena, mpaka watu watatu wakaisha mmoja mmoja. Sijashambulia hata mara moja. Chai ilikuwa bado ya moto, na kati ya hao watatu mmoja alikuwa ametoka Moshi, kilomita 80, kuja kucheza.

Palepale mtu akasema kombo zisizo na kikomo zipigwe marufuku. Mikono ikainuka, nikashindwa kura. Kukawa na utani kwamba jina lenyewe limejieleza, mambo yameenda kombo. Nilicheka na wengine, ila sikubali, na nitasema kwa nini.

Anayecheza kwa kushambulia, kwenye meza ya wanne, ana uhai 120 wa kuondoa. Ndiyo, kuna sheria kwamba pigo 21 za kamanda mmoja zinakutoa mchezoni, lakini hata hizo ni 21 kwa kila kichwa. Ndiyo maana deki (rundo la karata la mchezaji) nyingi za mbio, za kushambulia haraka, zinamuua mmoja, zinamjeruhi wa pili, halafu zinaishiwa pumzi. Kombo haijali kama uhai ni 40 au 400. Haikubuniwa kuonea watu. Meza yenyewe ndiyo imeiita.

Halafu kuna huu msemo wa "ulibahatisha". Wakuu, chukua karata mbili maalumu, zifiche ndani ya 99. Bila kuokota ziada, mpaka zamu ya nane umeona karata 15. Uwezekano wa zote mbili kuwa humo ni kama asilimia 2. Ukiongeza karata nane za kutafutia, zile kama Diabolic Tutor zinazokuruhusu kupekua rundo na kuchukua unachotaka, uwezekano wa kuona angalau mbili kati ya hizo kumi unapanda hadi kama asilimia 47. Mimi nikaenda mbele zaidi, nikachagua kamanda ambaye yeye mwenyewe ni nusu ya kombo. Kamanda hafichwi rundoni, anakaa pembeni anasubiri kuitwa. Kwa hiyo nilibakiza kipande kimoja cha kutafuta, na kwa zile nane tunafika asilimia 79. Hizo ni wiki tatu za kukata na kurudisha, tena nusu ya karata nilizijaribia kwa vipande vya karatasi nilivyoandika kwa mkono. Nilitupa kila karata ambayo haina kazi mpaka mwenzake afike, maana hiyo ukiishika peke yake ni mzigo tu. Vito hata bila Exquisite Blood anapunguza watu taratibu.

Na kuiendesha ndiyo kazi zaidi. Exquisite Blood nilikuwa nayo mkononi tangu zamu ya nne. Zamu ya tano nilikuwa na ardhi tano, ningeweza kuiweka. Lakini tone la kuanzia ningelipata zamu inayofuata, maana yake meza nzima ingepewa mzunguko mmoja wa kutafuta dawa. Na jirani yangu wa kushoto alikuwa ameacha ardhi moja nyeupe bila kuilaza, yaani hajaitumia. Mana moja nyeupe ni Swords to Plowshares, Vito anaondoka na mimi nabaki nimeshika mashavu. Nikapiga kimya, nikamsifia dubwana alilokuwa nalo mkononi, nikalalamika kwamba sina karata. Alipolaza ardhi zote kuliita, nikajua siku imefika.

Ukipiga marufuku hayo yote, unabaki na mchezo gani?

Wa Njiro:

Mleta mada, hesabu nzuri, ila umejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyesema umeiba. Tunasema hiyo si meza yake.

Usimamizi wa Commander ulipohamia kwa Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo huu, Septemba 2024, baada ya ule ugomvi wa kufungiwa karata za Mana Crypt na Jeweled Lotus, walikuja na ngazi tano za nguvu za deki, wakazitoa kwa majaribio Februari 2025. Ngazi ya 1 na ya 2 hazitaki kabisa kombo ya karata mbili isiyo na kikomo. Ya 3 inaivumilia, lakini mchezo uwe umeshakomaa. Ya 4 na ya 5 jimwage. Sasa sisi tulio wengi tunacheza deki za dukani zilizopangwa tayari, nyingine hata hatujabadilisha karata moja. Hiyo ni ngazi ya 2, usitudanganye. Umekuja kwenye ndondo ya mtaani na mamluki wa ligi kuu, halafu unatuambia mamluki wako kafanya mazoezi sana.

Na huo ujanja wa kumsifia mtu dubwana lake, sawa, ni mchezo. Ila usishangae Jumamosi ijayo watu watatu wakikuanza wewe tangu zamu ya kwanza.

Wa Moshi:

Aisee, huyo wa kilomita 80 ndiyo mimi. Mkono niliinua kwa hasira na sasa naona niliuinua vibaya.

Nifafanue. Mwezi uliopita nilikuja hukohuko, nikatolewa wa kwanza zamu ya tano na deki ya mbio, yenye heshima zote, hakuna kombo. Nikakaa saa nzima na dakika ishirini naangalia watatu wanabishana nani amshambulie nani. Nikaenda kununua mahindi ya kuchoma, nikarudi, bado. Jumamosi hii tumekufa wote kwa pamoja, tukachanga upya, nikacheza michezo mitatu kabla ya gari la jioni. Kombo inaua haraka, lakini inaua wote, haiachi mtu kwenye benchi. Kama tunapiga marufuku kwa sababu ya kupotezeana muda, tuanze na yule jamaa anayefagia meza, anaua madubwana yote, kila baada ya zamu mbili bila mpango wa kumaliza. Anajijua.

Wa Tengeru:

Kaka zangu, mnajadili kama vile wote tulielewa kilichotokea. Mimi ilikuwa Jumamosi yangu ya pili. Nilichosikia ni "hii inafanya hivi, hii inafanya hivi, basi, mmekufa", kisha watu wakaanza kukusanya karata. Nani alinieleza kwamba kati ya duara moja na lingine kuna nafasi ya kujibu? Nimekuja kujua jana, kwa kusoma mwenyewe, kwamba Vito akiuawa katikati ya duara, lile pigo ambalo tayari limetangazwa linapita, halafu mambo yanasimama hapo. Nimecheza last card tangu shule ya msingi. Pale nikifungwa, najua nimefungwaje.

Mimi sina shida na kombo. Nina shida na kuuawa kwa lugha nisiyoijua.

Mzee wa Kaloleni:

Vijana, karata zenu sizijui, mwanangu ndiye kanionyesha huu uzi. Mimi ni mtu wa bao. Mtaji mmoja ukiukokotoa vizuri unazunguka, unakula, unazunguka tena, mwenzako anabaki kuangalia mkono wako unavyokwenda. Sijasikia mtu akitaka mtaji mrefu upigwe marufuku. Ila bao lina mashimo 32 na kete 64, na zote ziko wazi. Aliyefungwa aliona kila kete tangu mwanzo, akashindwa mwenyewe kuhesabu. Wewe kijana wa Sakina ulihesabu peke yako gizani, wenzako ukawawashia taa wakishakufa.

Mleta mada (Sakina):

Mzee, shikamoo. Hapo umenishika.

Sawa. Marufuku bado naipinga, ila dada wa Tengeru ana haki na nilimkosea. Kuanzia sasa, kabla ya kuchanga karata nitataja: deki hii ina kombo, vipande vyake ni hivi, na inazuiwa hivi. Nikifika kwenye duara nitasimama kila hatua niulize kama kuna anayejibu, hata kama naona mikono yao mitupu. Na nitakuja na deki ya pili isiyo na kombo kwa mchezo wa kwanza, watu wapashe. Hilo la ngazi ya 2 pia nakubali, deki yangu si ya ngazi hiyo. Lakini jibu lake ni kupanga meza mbili, tuko kumi na ushee, tunatosha.

Wa Njiro:

Kutaja hakupunguzi makali ya panga. Na hizo dawa za kuizuia unazotaka kututajia, si kila deki inaweza kuzibeba. Mimi deki yangu ni nyekundu tupu. Naturalize, ya kuvunja karata kama Exquisite Blood, ni ya kijani, hainihusu. Nyekundu ikishaona Exquisite Blood iko mezani haina mengi ya kuifanya, na wewe unalijua hilo. Kwa hiyo mimi nitatajiwa kifo changu mapema, basi.

Mleta mada (Sakina):

Huna haja ya kuigusa Exquisite Blood. Mguse Vito, ukakamavu wake ni 3 tu. Lightning Bolt moja, mana moja, pigo 3, inamtosha. Unayo kwenye deki?

Wa Njiro:

Ninayo.

Mleta mada (Sakina):

Jumamosi ilikuwa wapi?

Wa Njiro:

Niliipiga kwa dubu wa mtu zamu ya tatu.

Wa Moshi:

Dubu mwenyewe alikuwa wangu.